Unakikumbuka kitabu ila jina limepotea? Hivi ndivyo tunavyokisaka

Haiishi wiki bila mtu kuniletea swali la aina hii. Wengine wanafika mezani kabisa, wengine wanapiga simu, wengine wanarekodi sauti ndefu wananitumia: "Dada, kuna kitabu nilisoma nikiwa la tano, kava lake la kijani kijani hivi, kuna mtu anauliwa halafu kuna msitu, kilikuwa kinaitwaje?" Basi, hayo ndo maelezo yote. Mimi ni mkutubi, na kazi yangu kubwa ni vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki, vile vya hadithi na riwaya ambavyo wengi wenu mlivisoma shuleni au mlivikuta kwenye sanduku la kaka mkubwa, na niseme ukweli hakuna swali ninalolipenda kama hilo. Mtu mzima, ana watoto, ana kazi yake ya heshima, anasimama pale anafumba macho anajaribu kuikumbuka picha iliyokuwa kwenye ukurasa mmoja, na ukimpatia kitabu chenyewe mkononi wengine wanashindwa hata kuongea.

Sasa nimeona niyaandike haya kwa kirefu, maana sehemu kubwa ya kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe ukijua wapi pa kuanzia.

Cha kwanza, stori yenyewe kwa ujumla wake haisaidii sana. Najua mtu anaona ndo kitu muhimu kuliko vyote, anakusimulia kuanzia mwanzo, kijana anatoka kijijini anakwenda mjini anapata shida anarudi. Vitabu vya namna hiyo ni vingi mno, nusu ya riwaya za miaka ya 60 na 70 zina huyo kijana. Halafu kuna jambo jingine nimeliona mara nyingi, kwamba mtu aliyesoma vitabu viwili mwaka mmoja, miaka inavyokwenda vinaungana kichwani vinakuwa kimoja, anatafuta kitabu ambacho kwa kweli hakijawahi kuwepo, mwanzo wake uko kwenye kitabu hiki na mwisho wake uko kwenye kile.

Kinachosaidia ni kitu kimoja cha ajabu. Kidogo tu, lakini cha ajabu. Niwape mfano. Kuna mama alikuja anatafuta kitabu alichosoma zamani sana, jina hana, mwandishi hana, kava halikumbuki, ila anakumbuka kulikuwa na bwana mkubwa, tajiri, ambaye kila usiku anawachapa manyani wawili, anawachapa huku anaumia roho, na yeye akiwa mtoto alilala na hofu kwa ajili ya wale manyani. Hapo sikuhitaji kuuliza zaidi. Hicho ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, yule bwana ndo Adili mwenyewe, na wale manyani ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya yale waliyomtendea. Lakini angesema mbwa badala ya manyani ningempeleka rafu nyingine kabisa, kwa sababu kwenye Alfu Lela Ulela mnakuta hadithi za jinsi hiyo hiyo, mtu na ndugu zake waliogeuzwa na wanaochapwa, ila kule ni mbwa. Neno moja tu, mbwa au manyani, linatofautisha vitabu viwili. Ndo maana nawaambia watu, usinisimulie stori nzima, niambie kile kitu kilichokutisha au kilichokuchekesha au ulichokwenda kumhadithia mwenzio kesho yake shuleni.

Cha pili ni wapi ulisoma na lini, na hapa lazima nieleze historia kidogo maana bila hiyo hutaelewa kwa nini Mkenya na Mtanzania wa rika moja wanakumbuka vitabu tofauti kabisa.

Zamani tulikuwa na chombo kimoja kwa nchi zetu hizi, East African Literature Bureau, kilianzishwa 1948 wakati wa ukoloni, makao yake Nairobi, kazi yake kuchapisha vitabu kwa lugha za huku, Kiswahili kikiwa mbele. Ndo hao walioendesha shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957/58 ambalo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishika nafasi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka kama kitabu 1960. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, 1965, ni hao hao. Baadaye 1965 ikazaliwa East African Publishing House, nayo Nairobi, ikaleta vitabu vingi tu, na baadhi yake vilikuwa tafsiri, kwa mfano Shujaa Okonkwo ya 1973, ambayo ndo Things Fall Apart ya Chinua Achebe kwa Kiswahili, aliitafsiri Clement Ndulute. Kuna watu hadi leo wanamjua Okonkwo kwa Kiswahili peke yake na wanashangaa wakiambiwa aliandikwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo ukisoma miaka ya 60 mpaka katikati ya 70, haijalishi ulikuwa Moshi au Machakos, vitabu vya Kiswahili ulivyovikuta vilikuwa karibu vile vile. Halafu ikaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983, Literature Bureau nayo ikaisha, upande wa Kenya ikazaliwa Kenya Literature Bureau, na kitabu kilichochapwa Nairobi kikawa hakivuki tena kirahisi kuja huku Tanzania. Watu wanapoizungumzia Jumuiya kuvunjika wanazungumzia ndege na reli, sawa, lakini vitabu navyo vilikatika pale pale, na mtoto aliyeanza kusoma 1978 Dodoma alikuta rafu tofauti na ya dada yake. Mimi hili linaniuma mpaka leo kwa sababu kuna riwaya nzuri sana za miaka ile ambazo upande mmoja wanazijua kwa moyo na upande mwingine hawajawahi hata kuzisikia.

Upande wa Tanzania kulikuwa na jambo lingine. Kiswahili kilishakuwa lugha ya kufundishia msingi tangu 1967, na ilipofika 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza nchi nzima, madarasa yakajaa, vitabu vya kiada vikawa vya aina moja kwa wote. Ndo maana ukisema Kibanga Ampiga Mkoloni, au Sizitaki Mbichi Hizi, au Karudi Baba Mmoja, kuanzia Kagera mpaka Mtwara mtu wa rika fulani anaruka na kumalizia mwenyewe. Ile ni kumbukumbu ya taifa zima ikitoka kwenye kitabu kimoja cha kusomea darasani, na watu wengi wanaponiuliza "kitabu cha Kibanga" wanadhani kilikuwa kitabu kinachojitegemea, kumbe ni somo tu ndani ya kitabu cha Kiswahili cha darasa. Kwa hiyo ukitafuta, usitafute jina la hadithi, tafuta kitabu cha darasa lile na miaka ile.

Na hapa niseme jambo ambalo najua litawagusa baadhi yenu. Watu wanapenda kusema zamani tulisoma vitabu vingi kuliko watoto wa sasa. Mimi kwa ninavyoona kwenye nakala zenyewe, hatukusoma vingi, tulisoma vichache mara nyingi. Darasa zima mnaweza kuwa na nakala nne, mmoja anasoma kwa sauti wengine mmembana bega kwa bega mnafuatilia, na mkimaliza mnaanza upya kwa kuwa hakuna kingine. Kitabu ulichokisikia kwa sauti ya mwenzio, ukakirudia, ukakiigiza wakati wa mapumziko, hicho hakitoki. Ukishika nakala za miaka ile unaliona hilo kwa macho, pembe za kurasa zimekuwa nyeusi na laini kama kitambaa, na majina ya wanafunzi yamepangana ndani ya kava kuanzia juu mpaka chini, kila mwaka na jina lake. Hiyo orodha ya majina mimi siifuti kamwe hata kitabu kikienda kutengenezwa.

Turudi kwenye kusaka. Kwa riwaya za upelelezi swali langu ni moja: mpelelezi alikuwa mtu wa namna gani? Akiwa mtulivu, anavuta kiko, anafikiri kuliko kukimbia, na ana rafiki anaitwa Najum, huyo ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, sasa tunabaki kuchagua tu kati ya Mzimu wa Watu wa Kale, Kisima cha Giningi na vile vingine vilivyofuata. Akiwa kijana wa bastola na mapigano, anasafiri nchi hadi nchi kwa kazi ya serikali na ukombozi wa kusini mwa Afrika unatajwa tajwa, huyo ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, alianza na Kufa na Kupona, 1974. Kama ni Joram Kiango basi ni Ben Mtobwa. Hivi vya Musiba na Mtobwa wengi walivisoma kwa kujificha, chini ya dawati au usiku kwa kibatari, na ndo maana nakala zake ni shida kupata leo, vilikuwa vinazunguka mkono kwa mkono mpaka vinaisha kabisa. Ukiniuliza mimi, Bwana Msa ndo kazi bora kuliko zote za upelelezi tulizonazo kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha Unguja kimenyooka na mafumbo yake bado yanamkamata msomaji, na natamani kila nyumba iwe na walau kimoja.

Kuna vitabu ambavyo watu wananiuliza kwa sauti ya chini. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, 1971, kwa mfano, kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kwa hiyo aliyekisoma wakati ule alikisoma bila mwalimu kujua na mara nyingi kava limetolewa. Watu wa Kenya wa miaka ya 90 na 2000 wao wananiuliza kuhusu "yule kijana wa Tanga aliyemtafuta baba yake," huyo ni Kongowea Mswahili kwenye Siku Njema ya Ken Walibora, 1996, na hapo sihitaji hata sekunde kufikiri kwa jinsi kilivyopendwa.

Vya Kiingereza njia yake ni nyepesi zaidi kwa sababu vilitoka kwa mifululizo, na mfululizo una sura yake. Kama unakumbuka rangi ya machungwa na namba kwenye mgongo wa kitabu, uko kwenye African Writers Series ya Heinemann, iliyoanza 1962 na Achebe akiwa ndo mshauri wake wa kwanza wa uhariri. Namba ile ya mgongoni ni msaada mkubwa mno, mtu anaweza kusahau kila kitu akakumbuka namba. Halafu kuna alama moja ninayopenda kuwaonyesha watu: ukikuta Weep Not, Child na jina la mwandishi limeandikwa James Ngugi, hiyo ni nakala ya zamani, kabla hajaanza kutumia jina la Ngugi wa Thiong'o. Kitabu chenyewe kilitoka 1964, lakini mswada wake alimkabidhi Achebe mkononi mwaka 1962 pale Makerere kwenye mkutano wa waandishi, akiwa bado mwanafunzi. Nikishika nakala yenye lile jina la James huwa naiweka pembeni nione imeshapita wapi, mihuri ya shule gani, nani aliazima.

Kama kava lilikuwa picha ya kamera, watu halisi wamepozi, msichana na mvulana au jambazi na begi, na kitabu ni chembamba, huo ni mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan, ulianza 1977. Wengi wa waandishi ni Wanaijeria ila wamo na wa huku, David Maillu wa Kenya aliwaandikia pia. Na kama ni vituko vya shule ya bweni, shule ina jina refu ajabu, kuna mwenzao mwenye mikono myepesi wanamwita Itchy Fingers, hapo ni vitabu vya Moses vya Barbara Kimenye, vilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 60 na vikaendelea vingi vingi, kwa hiyo lazima uniambie Moses alikuwa amefanya nini.

Sasa kwa nini ukiandika hayo yote kwenye intaneti hupati kitu? Sababu kubwa ni kwamba namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kila kitabu, imekuwa kiwango cha kimataifa 1970 tu, vitabu vya kabla ya hapo havina, na vya kwetu vingi hata baada ya hapo havikuwekewa, na maduka ya mtandaoni yanajiendesha kwa namba hiyo. Sababu ya pili ni tahajia. Shaaban utamkuta Shaaban, utamkuta Sha'ban, utamkuta Shabani. Muhammed utamkuta kwa kila namna unayoijua. Jaribu zote, halafu jaribu kutafuta kwa jina la kitabu peke yake bila mwandishi, na usitafute dukani, tafuta kwenye katalogi za maktaba, WorldCat ni ya bure na inaonyesha maktaba gani duniani ina nakala. Kwa hapa kwetu anzia Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, au chumba cha East Africana, yaani cha machapisho ya Afrika Mashariki, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uliza kwa ustaarabu, eleza unachokumbuka, na usione aibu kwamba ni kitabu cha watoto.

Kuna wanaoniuliza mbona basi visichapwe tena. Vingine vimechapwa, Shaaban Robert mnapata kazi zake madukani kupitia Mkuki na Nyota, Siku Njema ipo. Lakini vingi vimekwama kwenye haki. Sheria zetu zinalinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo kitabu kukosekana dukani hakumaanishi kiko huru. Kampuni iliyokichapa imekufa, mkataba haujulikani uko wapi, mwandishi amefariki, warithi wako watano na hawajui kama wanamiliki kitu, na mchoraji wa picha za ndani hakuna hata aliyeandika jina lake. Hao wachoraji ndo wananiuma zaidi. Mtoto anakumbuka picha miaka arobaini, na aliyeichora hayupo popote kwenye kitabu.

Na sheria inawataka wachapishaji wapeleke nakala maktaba ya taifa, lakini vitabu vidogo vya hadithi ndo vilivyopotea kuliko vyote, vile vya kurasa 24 au 32 vilivyopigwa stepla katikati. Stepla inashika kutu kwa unyevu, kutu inakula karatasi kwenye mkunjo, ukurasa wa katikati unatoka kwanza halafu kava. Karatasi yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, ina asidi, inakuwa ya njano kisha inakatika ukiikunja. Kwa hiyo kuna vitabu ambavyo maktaba hazina na nakala nzuri pekee iko kwenye sanduku la bibi yako.

Kwa hiyo ukikikuta nyumbani, naomba hivi. Usikipige selotepu, baada ya muda gundi yake inageuka kahawia inaingia kwenye maandishi na hapo hatuwezi kuirudisha. Kama stepla ina kutu, iinue taratibu kwa upande wa ndani uitoe, ushone kwa uzi wa pamba kwenye matundu yale yale. Kikae kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa plastiki maana plastiki inafungia unyevu, na kikae mbali na jua na mbali na sakafu. Kava likiwa limeviringishwa gazeti au karatasi ya kalenda kama tulivyokuwa tunafanya, lifungue polepole, mara nyingi kava la asili liko chini yake na rangi zake bado mbichi kabisa.

Halafu piga picha tatu kwa simu: kava, ukurasa wa ndani wenye jina la mchapishaji na mwaka, na ukurasa mmoja wowote wenye mchoro. Kama ukurasa wa mchapishaji umechanika piga ukurasa wa nyuma kabisa, wengi waliweka orodha ya vitabu vyao vingine hapo, na kwa orodha hiyo naweza kukadiria kilitoka miaka gani. Ukinitumia, nataka pia uniambie kilisomwa mkoa gani na miaka gani kama unajua, na majina yaliyoandikwa ndani usiyafute. Sasa hivi natafuta vitabu vya stepla vya miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 vya Kiswahili, hata kama havina kava, hata kama vimebaki kurasa kumi.